Je, Wajua? Rili na Ufito wa Kumvulia Paiki

Paiki ni samaki mla samaki wa maji baridi ya kaskazini, kuanzia Ayalandi na Uingereza, kupitia Uswidi, Ufini na Siberia, hadi Alaska na Kanada. Hutamkuta Ziwa Viktoria wala Tanganyika. Lakini msomaji wetu aliyehamia Stockholm, Rotterdam au Winnipeg huenda anaishi mwendo mfupi tu wa basi kutoka kwenye maji aliyomo. Akiingia duka la vifaa vya uvuvi hukuta ukuta mzima wa rili na fito, kila kimoja na namba zake. Baadhi ya namba hizo zinaamua kila kitu, nyingine ni mapambo ya boksi. Shika kanuni hii tangu mwanzo: chagua chambo kwanza, kisha ufito wa kukirusha, kisha rili ya kuutosha ufito huo. Wengi huanza na rili, na hapo ndipo fedha hupotea.

SAMAKI MWENYEWE

Je, wajua kwamba paiki ana mamia ya meno? Ya taya la chini ni marefu na makali ya kukata. Ya kwenye kaakaa ni mengi, madogo, na yameelekea kooni, hivyo kilichoingia hakitoki kwa urahisi. Mshipi mtupu ukipita kwenye meno hayo hukatika mara moja. Ndiyo maana vifaa vyote vya paiki, viwe vya bei gani, huishia na kipande cha waya.

Je, wajua kwa nini pezi lake la mgongo liko nyuma kabisa, karibu na mkia? Likisaidiana na pezi la chini na mkia wenyewe, humpa msukumo mkubwa wa ghafla. Paiki hujificha kwenye majani ya majini, hutulia, kisha hufyatuka. Ni samaki wa mbio fupi. Huhitaji rili ya kubeba mamia ya mita za mshipi kama ya kuvulia jodari. Mita 150 za mshipi mzuri zinamtosha.

Je, wajua kwamba paiki wakubwa karibu wote ni majike? Madume hubaki wadogo. Paiki wa mita 1, ambao ndio ndoto ya wavuvi wengi wa Ulaya, huwa na kilo 7 hadi 9 hivi, na umri wa miaka mingi. Ukimwua mmoja wa ukubwa huo umeondoa mama mzazi anayetaga mayai kwa maelfu mengi kila majira ya kuchipua.

Rekodi ya dunia inayotambuliwa na shirika la IGFA ni paiki wa kilo 25, aliyevuliwa na Lothar Louis nchini Ujerumani tarehe 16 Oktoba 1986. Ni miaka mingi sasa haijavunjwa.

Je, wajua kisa cha paiki wa Heilbronn? Wazee wa Ujerumani walisimulia kuwa mwaka 1497 alivuliwa paiki wa miaka 267, mwenye pete ya Mfalme Frederick II shavuni. Mifupa iliyodaiwa kuwa yake ilihifadhiwa Mannheim. Wataalamu walipoichunguza baadaye waligundua pingili za uti wa mgongo za samaki kadhaa zilizounganishwa ili aonekane mrefu.

Paiki huishi pia kwenye maji yenye chumvi kidogo. Pwani za Bahari ya Baltiki, pamoja na ghuba za kisiwa cha Rügen huko Ujerumani, ni miongoni mwa maeneo maarufu ya kumvulia. Ukivua huko, suuza rili yako kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyohiyo, kisha uikaushe. Chumvi hula beringi polepole hata pale ambapo ulimi hauionji.

RILI

Je, wajua kwamba rili ya spini ilitoka kwenye kiwanda cha nguo? Alfred Holden Illingworth, mwenye viwanda vya sufu huko Bradford, Uingereza, alisajili hataza yake mwaka 1905. Wazo alilipata kwenye mashine za kusokota nyuzi, ambako uzi hutoka kwenye ncha ya kigurudumu bila kigurudumu chenyewe kuzunguka.

Na hilo ndilo linaloitofautisha hadi leo. Spuli, yaani kigurudumu kinachobeba mshipi, husimama tuli. Ukirusha, mshipi hutoka wenyewe kwa mizunguko kupitia ukingo wake. Ukivuta, upinde wa waya huzunguka spuli na kuurudisha mshipi mahali pake. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka wakati wa kurusha, mshipi haujisokoti ovyo kwenye rili, na anayeanza huweza kurusha vizuri siku ya kwanza.

Je, wajua kwamba mwaka 1921 yalizaliwa makampuni mawili yaliyokuja kutawala soko hili, na hakuna hata moja lililoanza na uvuvi? ABU ya Svängsta, Uswidi, ilianza na saa na baadaye mita za teksi. Shimano ya Sakai, Japani, ilianza na vipuri vya baiskeli, na kitengo chake cha uvuvi kilifunguliwa 1970. Rili za Mitchell nazo zilitoka Cluses, mji wa mafundi saa huko Ufaransa. Rili nzuri ni kazi ya giya ndogo zilizokatwa kwa usahihi, na mafundi hao walikuwa tayari wanaijua kazi hiyo.

Namba 3000, 4000 au 5000 kwenye rili hueleza ukubwa wa mwili na spuli. Kwa paiki, 4000 ndiyo chaguo la watu wengi. Namba 3000 inafaa kwa vyambo vyepesi, na 5000 kwa vizito. Lakini hakuna kipimo cha kimataifa: 4000 ya kampuni moja yaweza kulingana na 3000 ya nyingine. Soma uzito kwa gramu na kiasi cha mshipi inachobeba, ndipo ulinganishe.

Je, wajua maana ya 5.2:1? Mkono wa rili ukizunguka mara 1, upinde huzunguka mara 5.2. Spuli yenye kipenyo cha milimita 47 ina mzingo wa karibu milimita 148. Zidisha kwa 5.2 upate takriban sentimita 77 za mshipi kwa kila mzunguko. Spuli ikipungua mshipi, kipenyo hupungua, na kasi pia.

Uwiano mkubwa wa giya si ubora, ni kasi. Vyambo vinavyosukuma maji mengi, kama vijiko vizito na vile vyenye bapa la kuzunguka, huvutwa kwa raha zaidi na giya za chini, karibu na 5:1. Vyambo vya kushtuashtua, vinavyoacha mshipi ulegee kila mara, vinahitaji giya za kukusanya haraka, karibu na 6:1. Ukinunua rili moja tu, iwe katikati ya hizo.

Breki, yaani kinachozuia mshipi samaki anapouvuta, huenda imeandikwa kilo 11 kwenye boksi. Je, utazitumia? Hapana. Fanya jaribio hili: funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, uinue ufito mpaka upinde vizuri, mwenzako asome mizani. Kilo 2 au 3 tu zitakuchosha mkono. Wavuvi wengi huweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya kiungo dhaifu kuliko vyote, uwe mshipi, fundo au waya.

Ubora wa breki uko kwenye ulaini. Paiki aliyeletwa hadi ubavuni mwa mashua mara nyingi hufyatuka upya mara moja ya mwisho, mshipi ukiwa mfupi. Breki inayokwama sekunde ile hunyoosha ndoano au hukata mshipi. Ukiwa dukani, legeza breki, vuta mshipi kwa mkono polepole, kisha ghafla. Ikianza kutoa bila kushtuka, ni nzuri.

Je, wajua tofauti ya breki ya mbele na ya nyuma? Ya mbele hukaa ndani ya spuli, na hapo pana nafasi ya vibapa vipana vinavyosuguana. Vibapa vipana hupoa vizuri na huvuta kwa usawa zaidi. Ya nyuma ni rahisi kuifikia kwa vidole, lakini vibapa vyake ni vidogo. Kwa paiki, chukua ya mbele.

Idadi ya beringi si kipimo cha ubora. Beringi 5 zilizofungwa vizuri dhidi ya maji ni bora kuliko 12 zisizolindwa. Shika rili, zungusha mkono taratibu karibu na sikio. Kisha tikisa mkono kulia na kushoto. Mlegeo mkubwa au mkwaruzo unakuambia zaidi kuliko namba.

Mwili wa rili huundwa kwa alumini, magnesi au plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kaboni. Rili inayovuta vyambo vya gramu 60 kutwa nzima hubanwa sana. Mwili laini hupinda kidogo, giya huachana, na meno yake huliwa. Kwa kazi hiyo chagua mwili wa chuma kigumu, hata ukiongeza gramu 30.

Je, wajua kwamba mkono wa rili ya spini huhamishwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa dakika moja? Usikatae rili nzuri kwa sababu imewekwa upande usioupenda. Wengi hurusha kwa mkono wenye nguvu na kuzungusha kwa mwingine, ili wasibadilishe mikono chambo kikitua. Paiki wengi hukamata sekunde chache tu baada ya chambo kugusa maji.

Rili ya spini ina mpaka wake. Ikiwa vyambo vyako vingi vinazidi gramu 100, rili ya ngoma inayokaa juu ya ufito itakutumikia vizuri zaidi, maana kidole kinachozuia mshipi wakati wa kurusha huumia. Kwa gramu 15 hadi 80, spini inatosha, tena kwa raha.

UFITO

Je, wajua namba muhimu kuliko zote katika duka zima? Ni uzito wa kurusha, ulioandikwa juu tu ya mpini, kwa mfano gramu 20–60 au 40–100. Paiki wengi huvuliwa kwa vyambo vya sentimita 12 hadi 20. Pima vyambo vyako kwenye mizani ya jikoni kabla ya kwenda dukani. Ufito unaotosha vyambo hivyo ndio ufito wako.

Kosa la kawaida ni kusahau uzito wa kichwa. Samaki wa mpira wa gramu 40 akitiwa kichwa chenye ndoano cha gramu 20 amekuwa wa gramu 60. Fito nyingi hurusha vizuri kwenye theluthi mbili ya kiwango chao cha juu. Ufito wa hadi gramu 90 hufurahia gramu 60. Ule wa hadi gramu 60 ukitupwa kwa nguvu na mzigo huohuo uko ukingoni.

Fito za Marekani huandikwa kwa aunsi na futi. Aunsi 1 ni gramu 28.35, hivyo ½–2 ni takriban gramu 14 hadi 57. Futi 7 ni sentimita 213, futi 8 ni 244, futi 9 ni 274. Ukiagiza mtandaoni, badili vipimo kwanza, kisha ulipe.

Je, wajua kwamba mahali unaposimama ndipo panapochagua urefu? Kwenye mashua, mita 2.1 hadi 2.4 hutosha na haukwami kwenye viti. Ukingoni mwa ziwa lenye matete, mita 2.4 hadi 2.7 hukusaidia kurusha mbali na kuuinua mshipi juu ya majani. Lakini kila sentimita unayoongeza humpa samaki mkono mrefu wa kukuvuta wewe.

Nguvu na tabia ya kupinda ni mambo mawili tofauti. Nguvu ni mzigo unaohitajika kuupinda ufito. Tabia ni mahali unapoanzia kupinda: wa haraka hupinda theluthi ya juu tu, wa wastani hupinda hadi nusu. Ufito waweza kuwa na nguvu nyingi na bado upinde taratibu.

Kwa samaki wa mpira, ambaye wewe ndiye unayempa uhai kwa kuinua ncha, chukua ufito wa haraka. Kwa vijiko, vyambo vya kuzunguka na samaki wa mbao wanaotikisika wenyewe, chukua wa wastani. Huo hulegea kidogo paiki anapokamata, akapata nafasi ya kufunga mdomo, na ndoano za matawi matatu hazing'oki kirahisi anapotikisa kichwa.

Je, wajua kwamba ufito wako ni jamaa wa ndege za kivita? Nyuzi imara za kaboni zilitengenezwa Farnborough, Uingereza, katika utafiti wa anga wa miaka ya 1960. Mwaka 1973 kampuni ya Fenwick ya Marekani ilitoa fito za kaboni, zikaanza kuziondoa sokoni zile za fiberglasi.

Namba kubwa ya tani kwenye kaboni maana yake ni ukakamavu, na ukakamavu huleta wepesi. Lakini kaboni kakamavu sana huvunjika kwa pigo dogo, kama la chambo kizito kilichogonga ufito wakati wa kurusha. Kwa paiki, kaboni ya kati ni mwenzi mwaminifu kuliko ile ghali kupita zote.

Kaboni hupitisha umeme. Ngurumo zikianza, weka ufito chini na uondoke majini. Wavuvi wa Uingereza huonywa wasivue ndani ya mita 30 kutoka kwenye nyaya za umeme zinazopita juu. Onyo hilo linafaa kila nchi.

Je, wajua kwa nini pete ya kwanza ya ufito wa spini ni kubwa na imesimama juu? Mshipi hutoka kwenye spuli kwa mizunguko mipana, na pete hiyo huukusanya pole pole kabla haujafika kwenye pete ndogo. Pete ndogo mahali pale huukwaruza mshipi na kufupisha masafa.

Kabla ya kulipia ufito uliotumika, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Nyuzi zikinasa, kuna ufa. Ufa usioonekana kwa macho hukwangua mshipi wa kusukwa kila unaporusha, na utaujua ubaya wake siku samaki mkubwa atakapokuja.

Ufito wa vipande viwili hauna ubaya wowote kwa paiki. Wa vipande vinne huingia kwenye begi la ndege, na wa leo hupinda vizuri. Muhimu ni maungio: yasukume kwa kuyapindisha kidogo, na uyakague kila baada ya saa moja. Fito nyingi huvunjika kwenye ungio lililolegea.

Usinunue ufito bila kuufunga rili yako. Uweke juu ya kidole mbele kidogo ya rili: ukitulia, umepata mizani. Ncha ikianguka, mkono wako utakuwa unainua ncha hiyo kutwa. Mara nyingi rili nzito kidogo huleta raha kuliko nyepesi, ikiwa ufito ni mrefu.

MSHIPI NA WAYA

Je, wajua kwamba mshipi wa kusukwa wa leo huelea? Nyuzi zake ni za poliethilini, zilizovumbuliwa katika maabara za kampuni ya DSM ya Uholanzi, na uzito wake ni takriban gramu 0.97 kwa sentimita moja ya ujazo, chini ya maji. Kwa paiki, unene wa milimita 0.20 hadi 0.28 unafaa. Mwembamba zaidi utarusha mbali, lakini kwenye majani mazito utajuta.

Mshipi huu karibu hauvutiki kabisa, ilhali nailoni yaweza kuvutika kwa asilimia 20 au zaidi kabla ya kukatika. Faida yake: unahisi kila mguso na ndoano huingia. Gharama yake: hakuna kinachopunguza mshtuko isipokuwa ufito na breki. Hii ndiyo sababu ya pili ya kutafuta breki laini.

Mshipi wa kusukwa ukifungwa moja kwa moja kwenye spuli tupu huteleza, na rili huonekana kama breki imekufa. Anza na mizunguko kadhaa ya nailoni, kisha uunganishe. Jaza hadi milimita 1 au 2 chini ya ukingo. Ukipungua, hupati masafa. Ukizidi, mafundo huruka kwa pamoja.

Funga upinde wa rili kwa mkono kila baada ya kurusha, kisha vuta mshipi kidogo ukaze. Tendo hili dogo huondoa sehemu kubwa ya mafundo yanayolaumiwa upepo.

Je, wajua kwamba mvuvi wa Kigoma anayemjua kibebe, au wa Mombasa anayemjua mzia, tayari anaelewa kanuni ya waya? Meno makali ni meno makali. Kwa paiki, sentimita 30 hadi 50 za waya zinatosha, na nguvu yake isipungue ya mshipi. Waya wa nyuzi nyingi ni laini, waya wa unyuzi mmoja ni mgumu na hudumu.

Nyaya nyingi zinazouzwa kwa jina la titani ni aloi ya nikeli na titani, iliyogunduliwa mwaka 1959 katika maabara ya jeshi la majini la Marekani. Hurudi kunyooka zikipindwa. Bei yake ni kubwa, lakini moja hutumika muda mrefu, ilhali ya chuma cha pua ikishapata mkunjo hutupwa.

Fluorokaboni nene, ya milimita 0.80 na kuendelea, hutumiwa na baadhi ya wavuvi kwenye maji maangavu. Haikatiki kirahisi, lakini hukatika. Ndoano inayobaki kooni mwa samaki ni bei ambayo hailipwi na mvuvi. Ukiwa na shaka, funga waya.

CHAMBO

Je, wajua hataza ya chambo cha kijiko ina umri gani? Julio Buel wa Vermont, Marekani, aliipata mwaka 1852. Simulizi husema alidondosha kijiko ziwani akaona samaki akikirukia.

Lauri Rapala wa Ufini alichonga samaki wake wa kwanza wa koki mwaka 1936. Alitaka chambo kinachoogelea kama samaki mgonjwa, kwa kuwa aliona samaki wakubwa huchagua aliyedhoofika. Kinachovutwa taratibu na kwa kusitasita bado humshawishi paiki, hasa maji yakiwa baridi, na rili ya giya za chini hurahisisha mwendo huo.

Tangu 1987 Uingereza imepiga marufuku kuuza chubwi za risasi za gramu 0.06 hadi 28.35, baada ya bata maji kufa kwa sumu yake. Tungsteni na chuma vimechukua nafasi. Chagua hivyo hata pale ambapo sheria haijakulazimisha.

SHERIA NA UHAI WA SAMAKI

Je, wajua kwamba Ujerumani hukutaka ufanye mtihani kabla ya kupata leseni ya uvuvi? Uingereza hutaka leseni kwa kila mwenye miaka 13 na zaidi, na mito mingi hufungwa tarehe 15 Machi hadi 15 Juni. Uswidi huruhusu kila mtu kuvua bure kwa ufito pwani na katika maziwa yake makubwa matano: Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön, kwa kufuata masharti ya mahali.

Uholanzi kuna kadi ya uvuvi iitwayo VISpas, na karibu vyambo bandia vyote hukatazwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi Jumamosi ya mwisho ya Mei. Ayalandi hairuhusu kuua paiki anayezidi sentimita 50, wala kuchukua zaidi ya 1 kwa siku.

Lakini si kila mahali analindwa. Huko California, Ziwa Davis lilitiwa dawa mara mbili, 1997 na 2007, ili kumtokomeza paiki aliyeingizwa bila idhini na kutishia samaki wa asili. Usihamishe samaki hai kutoka maji moja kwenda mengine, hata kwa nia njema.

Je, wajua kwamba ufito dhaifu ni ukatili? Samaki anayepiganishwa kwa muda mrefu hufika akiwa hoi, na maji yakiwa na joto la nyuzi 20 na zaidi, oksijeni ni kidogo na kupona ni kwa shida. Vifaa vyenye nguvu ya kutosha humfikisha haraka, akiwa bado na pumzi ya kuondoka. Siku za joto kali, mwache apumzike.

Plaizi ndefu, mkasi wa kukata ndoano, wavu wenye nyuzi za mpira na mkeka wa kumlazia samaki si vya hiari. Bana vijino vya ndoano kwa plaizi. Zitatoka kwa sekunde. Usimning'inize paiki mkubwa kwa taya. Mshike kwa mikono miwili, mlalo, karibu na maji.

Basi ukiwa na bajeti ndogo, ipange hivi: kwanza waya, plaizi na wavu, pili ufito wa mita 2.4 wenye uzito wa kurusha wa gramu 30–80. Tatu rili ya 4000 yenye breki laini ya mbele na giya kati ya 5:1 na 6:1. Nne mshipi wa kusukwa wa milimita 0.23 au karibu na hapo. Lipia leseni, soma sheria za maji yako, na umrudishe jike mkubwa akiwa hai. Ziwa lenye mama wakubwa ndilo litakalokuwa na paiki wa kuvua mwaka ujao.